Uzee Si Sababu

Kitu kinapoharibika mbele ya mtu, mtu huyo hupimwa pamoja na kitu chake. Akiwa mwepesi wa hasira, hukipiga. Akiwa mvivu wa fikira, hukitupa. Akiwa mpenda majivuno, humlaumu aliyekitengeneza. Akiwa na insafu, huuliza sababu. Njia tatu za kwanza ni fupi na hazina jasho. Njia ya nne ni ndefu, ina vumbi na mashaka, na aghalabu humrudisha msafiri mlangoni pake mwenyewe. Ijapokuwa ni ndefu, ndiyo peke yake inayofika. Insha hii yaichunguza njia hiyo kwa mfano wa chombo kilichoenea majumbani: kompyuta iliyokula umri, ambayo kila mara huzimika kabla ya kazi kwisha.

Kompyuta ya namna hiyo haitafutwi mbali. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, tangu Somanga hata Mchinga, zimo nyingi. Chache zilinunuliwa mpya; nyingine zilikwisha tumika ng'ambo kabla ya kuuzwa Dar es Salaam na kupakiwa katika mabasi ya kusini. Zikifika huwekwa katika vyumba vilivyoezekwa kwa mabati, ambavyo mchana wa kaskazi hugeuka tanuri. Upepo wa bahari huja na chumvi isiyoonekana kwa macho, nayo hutua juu ya kila chuma na kukialika kutu. Vumbi la barabara huingia bila kubisha hodi. Umeme huja kwa nguvu saa hii na kwa unyonge saa ile. Katika hali hiyo si ajabu kompyuta kuugua. Ajabu ni jibu la watu wanapoulizwa imepatwa na nini. Jibu lao ni neno moja: imezeeka.

Achukuliwe kwa mfano mwalimu mstaafu wa Kilwa Masoko. Kompyuta yake ni ya mezani, ina umri wa miaka 15, na thamani yake sokoni haifikii bei ya mbuzi. Lakini ndani yake mna alama za wanafunzi wa miaka mingi, picha za jamaa waliokwisha fariki, na mswada wa habari za mji wake, alioukusanya kutoka vinywani mwa wazee ambao wengi wao sasa wamo makaburini. Mashine hiyo ilianza kuzimika ghafula. Mara aliandika ukurasa, ukapotea. Mara alifungua picha, kioo kikawa cheusi. Mwanawe aliye Dar es Salaam alimwambia kwa simu, "Baba, hiyo imezeeka. Itupe, nitakuletea nyingine." Jirani alisema ni virusi. Fundi wa kwanza hakuuliza neno. Alibadili diski kuu, ambayo mafundi huiita hadi diski, akachukua ujira wake akaenda zake. Siku ya tatu maradhi yalirudi yale yale. Hapo watu wa nyumbani wakakumbuka methali: sikio la kufa halisikii dawa.

Methali hiyo ni ya kweli, lakini kweli yake yahitaji shahidi. Ni nani aliyethibitisha kuwa sikio lile ni la kufa? Dawa iliyokataliwa ilikuwa dawa ya maradhi gani? Mtu akipewa dawa ya tumbo ilhali anaumwa jino, asipopona si haki kusema kwamba mwili wake umekataa tiba. Mwenye kutoa methali mahali pa uchunguzi huifanya hekima ya wahenga kuwa pazia la uvivu wake. Wahenga hawakutunga maneno yao ili watu waache kufikiri. Waliyatunga ili yawe mwisho wa fikira, baada ya mambo kupimwa.

Kosa la jibu lile liko katika maana ya neno uzee. Watu hulitumia kana kwamba uzee ni kitu kinachoingia ndani ya chombo na kukivunja. Wakati peke yake hauli kitu. Kinachokula ni joto, chumvi, vumbi, unyevu, msuguano na kutu. Hivyo vyote huhitaji wakati ili vitende kazi yake, kama mwizi ahitajivyo usiku. Lakini usiku si mwizi. Hakimu akiambiwa kuwa nyumba imevunjwa usiku, naye akauhukumu usiku na kulifunga shauri, watu watamcheka, na mwizi atarudi kesho. Kusema kompyuta imekufa kwa uzee ni kuuhukumu usiku. Ushahidi wake ni huu: mwanzoni mwa karne hii ziliuzwa duniani kompyuta nyingi zenye kapasita mbovu, yaani vile vijichupa vidogo vinavyotunza na kutuliza umeme ndani ya mashine. Maji yaliyomo ndani yake yalikuwa na kasoro, zikavimba vichwa na kupasuka kabla mashine hazijamaliza miaka michache. Kompyuta hizo zilikufa changa. Kwa upande mwingine, ziko zilizofanya kazi miaka 20 kwa kuwa zilikaa mahali pakavu penye baridi. Ikiwa changa hufa na nzee huishi, basi sababu haimo katika hesabu ya miaka.

Hukumu ya haraka juu ya mashine si dhambi ya mtu mmoja mmoja tu. Hata mataifa huweza kuangukia humo. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kutia hesabu za serikali katika mitambo haikufanikiwa kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku isipokuwa kwa idhini maalumu. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa kidogo kidogo, ikaondoka katika miaka ya 1990. Wakubwa wa siku zile hawakukosa hoja: fedha za kigeni zilikuwa haba, na hasara ilikuwa imeonekana kwa macho. Lakini mashine haikuwa mshtakiwa peke yake. Wataalamu wa nchini walikuwa wachache mno, na maandalizi ya kazi hayakulingana na ukubwa wake. Mashine ilipofungiwa mlango, yule fundi ambaye angalijifunza kwa kuitengeneza alifungiwa pia. Hukumu inayotangulia uchunguzi huwa na hasara mbili: humwadhibu asiyestahili, tena humwacha mwenye kosa akiwa huru kutenda tena.

Sasa na itazamwe njia ya nne. Mwalimu aliletewa fundi wa pili, kijana aliyejifunzia kazi yake Lindi. Kijana huyo aliamkia, "Shikamoo, mwalimu," akajibiwa, "Marahaba, mwanangu." Hakuishika bisibisi. Alianza kwa kunakili maandishi na picha zote katika diski nyingine, akaiweka mkononi mwa mwenyewe. Tendo hilo lina adili kubwa. Mganga mwema hutenga kwanza kisichoweza kurudishwa, ndipo agusapo kinachoweza kubadilishwa. Chuma hununuliwa, habari za wazee waliokufa hazinunuliwi. Fundi anayeanza kufungua kabla ya kuhifadhi huifanya amana ya mwenzake kuwa uwanja wa mazoezi.

Kisha aliuliza, "Huzimika saa ngapi, mwalimu?"

"Wakati wowote."

"Hakuna wakati wowote. Kuna wakati ambao haukuandikwa."

Akamwomba aweke daftari kwa siku 14: kila ikizimika aandike saa, kazi iliyokuwa ikifanywa, hali ya joto, na kama taa za nyumba zilififia. Mwalimu aliona ni jambo la kitoto, lakini aliandika, kwa kuwa kuandika ilikuwa kazi yake ya maisha.

Daftari kama hilo lina nasaba ya heshima. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani waliokuwa wakichunguza mashine ya kuhesabu iliyoitwa Mark II walimkuta nondo amekwama katika swichi mojawapo. Hawakumtupa. Walimbandika kwa utepe katika daftari la kazi, karibu na saa aliyopatikana, na ukurasa huo umehifadhiwa katika makumbusho ya taifa lao. Watu hupenda kisa hicho kwa sababu ya mdudu. Afadhali wangalikipenda kwa sababu ya daftari. Nondo angalikufa bila kujulikana kama pasingalikuwapo desturi ya kuandika kila tukio hata dogo. Kumbukumbu ya mtu aliyeudhika si shahidi mwema: hukuza siku mbaya, husahau siku njema, na huona mpango pasipokuwa na mpango. Maandishi hayana hasira.

Daftari la mwalimu lilisema hivi. Katika siku 14 kompyuta ilizimika mara 19. Mara 14 ilikuwa baina ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni. Mara tano ilikuwa baina ya saa moja na saa tatu usiku. Asubuhi haikuzimika hata mara moja. Basi lile "wakati wowote" lilikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo ilikuwa ikinena. Virusi havichagui alasiri. Diski mbovu haipumziki kila asubuhi. Kitu kinachokuja na jua na kuondoka na jua ni joto.

Hapa yafaa kueleza jinsi mashine inavyojilinda. Kiungo kinachofanya hesabu ndani ya kompyuta hutoa moto mwingi. Juu yake huwekwa bamba la chuma lenye mapezi, na juu ya bamba hilo feni. Kati ya kiungo na bamba hupakwa utando laini wa kupitisha joto. Vumbi likijaza mapezi, au utando ukikauka, joto hukosa njia. Likipanda hata kukaribia nyuzi 100 za Sentigredi, mashine hupunguza kasi yake, kisha hujizima isije ikaungua. Kwa hiyo kuzimika kule, ambako mwenyewe alikuita ugonjwa, kulikuwa kujiokoa. Alikasirishwa na kengele iliyokuwa ikimwita azime moto. Dalili nyingi ziko hivyo: homa huudhi, lakini mara nyingi ni mwili unaopigana. Mtu anayeiua dalili kabla ya kuisikiliza humuua mjumbe na kuuacha ujumbe.

Fundi alichungulia nyuma ya mashine, akakuta kitambaa cha kufuma, kizuri, kilichofumwa na mke wa mwalimu. Kilikuwa kimeifunika kompyuta kama vitambaa vinavyofunika redio na televisheni katika nyumba nyingi za pwani. Mwalimu alikuwa akiiacha hivyo hata wakati wa kazi, ili vumbi lisiingie. Kitambaa kilikuwa kimeziba matundu yote ya kutolea joto.

"Basi mwenye kosa ni mimi," alisema mwalimu.

"Si wewe, mwalimu. Ni kitambaa."

"Na kitambaa alikiweka nani?"

Kijana hakujibu, kwa adabu. Lakini swali la mwalimu ndilo kilele cha uchunguzi wote. Mtafutaji wa kosa hana budi kujihesabu mwenyewe miongoni mwa washitakiwa, tena si kwa maovu yake tu bali hata kwa mapenzi yake. Kitambaa kile hakikuwekwa kwa uzembe. Kiliwekwa kwa huruma. Huruma isiyo na maarifa hufunika pumzi ya kile inachokipenda. Ndiyo sababu uchunguzi wa kweli ni mgumu: akili haishindwi kuufuata, bali moyo hautaki kufika unakoelekea.

Kitambaa kilipoondolewa, fundi hakufanya jambo jingine kwa siku tatu. Mwalimu alimsihi asafishe vumbi siku ile ile, na abadili na kile, na kile. Kijana alikataa kwa upole. Akibadili mambo matatu kwa pamoja, alisema, na mashine ikapona, hakuna atakayejua iliponywa na lipi. Na ikirudia ugonjwa, hakuna atakayejua pa kuanzia. Subira hiyo yafanana na subira ya hakimu asiyewafunga majirani wote kwa kuwa mmoja wao ameiba. Baada ya siku tatu daftari lilionyesha kuwa maradhi yamepungua bila kwisha. Ndipo alipofungua mashine, akatoa kwa brashi vumbi lililogandamana na chumvi kama ukoga, akapaka utando mpya. Tangu siku hiyo mashine haikuzimika alasiri tena.

Lakini usiku ilizimika vile vile. Hapa ndipo watafutaji wengi hukata tamaa, wakidhani kuwa sababu waliyoiona ilikuwa ya uongo. Sivyo. Ilikuwa ya kweli, ila haikuwa peke yake. Akili ya binadamu hupenda kosa liwe moja na mkosaji awe mmoja, kwa kuwa hadithi ya namna hiyo husimuliwa kwa urahisi. Dunia haikuahidi kuwa nyepesi kusimuliwa. Daftari liliandika kwamba taa zilififia kila mashine ilipozimika usiku, saa ambazo kila nyumba ya mtaa huwasha vyombo vyake na nguvu ya umeme hushuka. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kwa umeme wa Dar es Salaam mwaka 2004. Hata hivyo kukaa karibu na kisima si hakika ya kuwa na maji mtungini. Kompyuta nzima yenye afya huvumilia upungufu mdogo. Hii haikuvumilia, maana ndani ya kisanduku cha kugawia umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, kapasita mbili zilikuwa zimevimba. Fundi alitoa kisanduku kizima kutoka katika kompyuta iliyokufa kwa maradhi mengine, akakitia katika hii. Gharama yote, pamoja na ujira wake, ilikuwa ndogo kuliko bei ya ile diski iliyobadilishwa bure na fundi wa kwanza.

Yuko atakayesema: haya ni maneno ya watu wenye nafasi. Siku 14 za kuandika, siku tatu za kungoja, ziara baada ya ziara za fundi. Kwa mashine ya bei ya mbuzi! Pingamizi hili lina uzito, wala halifai kudharauliwa. Vipuri haviko karibu na watu wa kusini. Mwezi wa Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu katika sehemu za Somanga, hata unga na mafuta vilipita kwa taabu, sembuse kapasita. Zaidi ya hayo, ipo methali nyingine isiyokanushika: la kuvunda halina ubani. Viko vyombo ambavyo kuvitengeneza ni kutupa mali nyuma ya mali, na ung'ang'anizi si wema kwa kuwa tu umevaa nguo za subira.

Jibu ni kwamba uchunguzi haumlazimishi mtu kutengeneza, humlazimisha kujua. Baada ya kujua, yu huru kuacha. Mwenye kutupa akijua ni nini kilichovunjika, kwamba dawa yake yazidi thamani ya matumizi, na kwamba amana iliyokuwamo imekwisha hifadhiwa, ametenda haki. Mwenye kutupa kwa kuwa amechoka hajaamua neno. Ameshindwa tu, akakuita kushindwa kwake uamuzi. Matendo mawili hayo kwa nje ni sawa, mashine zote mbili ziko nje ya nyumba, lakini kwa ndani yako mbali kama kuzika na kutelekeza.

Tena kutupa nako kuna deni lake. Katika kompyuta ya zamani mna risasi katika madini ya kuungia viungo, na vioo vya zamani vyenye tumbo vina risasi zaidi. Mna na sumu nyingine zisizooza. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyoandikwa kuwa imekusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Nyingine zilienda popote. Katika pwani, "popote" maana yake ni shimo nyuma ya nyumba au ukingo wa mikoko, mahali panapozaliwa kamba na samaki wadogo. Anayetupa huko hajaachana na kompyuta yake. Itamrudia katika sahani.

Uko na uzee wa namna nyingine, ambao hautoki kwa joto wala kwa chumvi, bali kwa tangazo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya programu yake ya Windows 10, na kompyuta nyingi zilizokuwa nzima hazikukidhi masharti ya Windows 11. Siku moja kabla zilikuwa vyombo. Siku moja baada yake ziliitwa vikongwe. Hakuna kapasita iliyovimba usiku huo. Mtengenezaji ana haki ya kusema mwisho wa kazi yake. Lakini mwenye mashine naye ana haki ya kutofautisha kilichovunjika na kilichotangazwa kuwa kimevunjika. Programu za bure za ukoo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991, zimezifanya mashine nyingi kama hizo kuendelea na kazi.

Mtu akitaka kuona kweli hii kwa ukubwa, na asimame gatini Kilwa Masoko atazame ng'ambo ya mlango wa bahari. Kule kuna magofu ya Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331. Mwaka 1981 magofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ingalikuwa rahisi kusema kwamba kuta za karne nyingi zimezeeka, na kwamba la kuvunda halina ubani. Watu waliotumwa kuzitazama hawakuandika neno uzee. Waliandika mawimbi yanayokula ufuko, maji ya mvua yanayochimba misingi, mimea inayopenyeza mizizi ndani ya kuta. Kila sababu ilipopewa jina lake, ilipata na dawa yake. Na mwaka 2014 magofu yaliondolewa katika orodha ya hatari. Miaka kumi ile haikuyafanya kuwa machanga. Yalikuwa mazee zaidi kwa miaka kumi, tena salama zaidi.

Hata hivyo uzito wa jambo hili haumo katika chuma wala katika mawe. Neno "imezeeka" lina ndugu yake, nalo ni "amezeeka". Bibi haoni tena njia ya kisimani. Watoto husema ni uzee, wakamwekea mkeka kivulini. Yamkini ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaoondolewa kwa upasuaji mfupi. Babu ameanza ghafula kusema maneno yasiyoshikana. Jamaa husema ni uzee, wakaacha kumwuliza shauri. Yamkini ni homa iliyojificha, au mwili kupungukiwa na maji, au dawa nyingi zinazopigana ndani yake. Mzee hasikii anapoitwa. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Yamkini sikio hilo limezibwa na nta tu, nayo ingetolewa kwa maji ya uvuguvugu na mkono wa mganga mwangalifu.

Si kila maradhi ya wazee yana dawa, na mwenye kuahidi hivyo ni mwongo. Macho mengine hayatafunguka, na akili nyingine hazitarudi. Lakini baina ya mzee aliyechunguzwa ikaonekana hakuna la kufanya, na mzee aliyehukumiwa kwa hesabu ya miaka yake, pana umbali wote uliopo baina ya heshima na dharau. Wa kwanza ameshindwa na maradhi. Wa pili ameshindwa na jamaa zake. Tena hukumu ya pili husemwa kwa sauti ya upole, pamoja na mkeka, kivuli na kitambaa kizuri, hata wenye kuitoa hujiona kuwa wamefanya wema.

Kwa hiyo mtu anayejifunza kuichunguza kompyuta yake anajifunza jambo lililo kubwa kuliko kompyuta. Anajifunza kuhifadhi amana kabla ya kugusa, kuandika kabla ya kulaumu, kubadili jambo moja kwa wakati mmoja, kuisikiliza dalili kabla ya kuinyamazisha, kujitia mwenyewe katika orodha ya washitakiwa, na kukubali kwamba makosa huweza kuwa mawili. Hizo si siri za mafundi. Ni adabu za insafu, ila katika mashine huonekana wazi kwa kuwa mashine haibembelezi mtu wala haimwonei haya.

Kompyuta ya mwalimu itakufa siku moja, kama kila kitu kilichotengenezwa. Kitambaa chake sasa kimo juu ya meza, chini ya kalamu. Daftari limo sandukuni, limeandikwa saa, joto na hali ya taa, kwa hati ya mtu aliyezoea kusahihisha makosa ya wengine. Siku mashine itakapozimika isiwake tena, naye akaifungia katika boksi, ataweza kuwaambia wajukuu wake ilikufa kwa nini, wala hatahitaji kutaja umri wake.